Nikeli Moja, Rangi Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Vitasa na Bawaba Zisizofanana

Malalamiko yenyewe yalikuwa mafupi: "Fundi, hizi bawaba na hivi vitasa si rangi moja, na mimi nililipia rangi moja." Mama mwenye nyumba aliyasema hayo siku chache baada ya milango yote ya ndani kufungwa vifaa vyake. Fundi akaapa kwamba alifunga alichopewa. Muuzaji naye akaleta risiti na maboksi, yote yakiwa yameandikwa nikeli ya satini, yaani nikeli iliyofifishwa ising'ae kama kioo. Mimi niliitwa kama mtu wa kando, niseme nani alipe. Nilipokwisha kukagua, swali la nani alipe lilikuwa limeshakuwa dogo. Lililobaki kubwa ni hili: vitu vyenye jina moja, vilivyotengenezwa vizuri, visivyo na kasoro hata moja, vinakutanaje kwenye mlango mmoja na kukataa kufanana?

Kwanza nieleze kilichokuwapo. Milango ni ya mbao, imepakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Kila mlango una kitasa cha mkono wa kubonyeza pamoja na kibati chake cha duara, bawaba tatu, kibati cha ulimi kwenye ukingo wa mlango, kibati cha kupokea ulimi kwenye fremu, na kizuizi cha sakafuni. Chumba kikubwa cha kulala kina kabati la ukutani linaloanzia pale pale fremu ya mlango inapoishia, na vishikio vyake ni virefu, vimesimama wima. Vitasa vilitoka kwa mtengenezaji mmoja, bawaba kwa mwingine, vishikio vya kabati kwa wa tatu. Skrubu zilizokuja na bawaba zilikuwa fupi kwa uzito wa milango ile, kwa hiyo fundi akaweka zake, ndefu zaidi. Alifanya sawa, na nitazirudia skrubu hizo baadaye kwa sababu zilisababisha makuu kuliko ukubwa wao.

Mama alikuwa ameona haya: bawaba ni za kijivu chenye ubluu wa mbali, vitasa vinaelekea umanjano, vishikio vya kabati viko katikati mchana lakini jioni vinaonekana vyeusi, na kitasa cha bafuni kina uwaridi ambao vitasa vingine havina. Jicho lake lilikuwa zuri. Kila alichokitaja kilikuwapo, ila kila kimoja kilikuwa na sababu yake, na kosa la wote watatu lilikuwa kuvijumlisha kama tatizo moja.

Mezani, mbali na mlango

Jambo la kwanza ni kuvitoa vifaa pale vilipo. Chuma kikiwa mahali pake huwezi kukiamini kwa rangi, maana kila kipande kimegeukia upande wake na kinapokea mwanga wake. Nilichukua mkono mmoja wa kitasa, bawaba moja, kishikio kimoja, kizuizi kimoja na skrubu kadhaa, nikavilaza juu ya kadibodi ya kijivu karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Kadibodi ya kijivu si madoido. Juu ya nyeupe kila chuma huonekana cheusi kuliko kilivyo, na juu ya mbao huazima umanjano wa mbao.

Pale mezani tofauti ilipungua lakini haikwisha. Hilo peke yake lilinipa nusu ya jibu: kilichopungua kilikuwa cha mahali, kilichobaki kilikuwa cha vitu vyenyewe.

Kisha nikatoa sumaku. Skrubu ziliirukia. Kizuizi cha sakafuni kilinasa kwa nguvu, kwa hiyo ni chuma cha kawaida ndani. Mkono wa kitasa, pamoja na uzito wake, haukuijali, na kishikio cha kabati vivyo hivyo. Bawaba ndiyo iliyonifurahisha: ubapa wake haukuvutwa, lakini nilipoisogeza sumaku kwenye pipa, pale bati lilipokunjwa kuzunguka pini, nikasikia mvuto mdogo mkononi. Hiyo ni tabia ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ya kundi la 304. Ikiwa bapa haishikwi na sumaku, lakini ikikunjwa ikiwa baridi muundo wake wa ndani hubadilika kidogo na kuanza kuvutwa. Brasi, yaani aloi ya shaba na zinki, isingevutwa popote, na chuma cha kawaida kingenasa kote.

Nikakwaruza kwa tupa ndani ya tundu la skrubu la kila kifaa, mahali ambapo hakuna atakayeona. Mkono wa kitasa ulionyesha njano: brasi, juu yake nikeli, juu yake laka, yaani vanishi ya kinga. Kishikio kilionyesha kijivu kilichofifia na ukingo mwembamba mwekundu: ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapakwa shaba kwanza ndipo nikeli, kwa kuwa zinki tupu haivumilii kuchovywa moja kwa moja kwenye tangi la nikeli, ambamo umeme huikalisha nikeli juu ya kifaa. Bawaba ilionyesha rangi ile ile juu hadi ndani. Haikuwa na nikeli juu yake hata kidogo.

Basi hapo palikuwa na vifaa vinne, chini yao metali nne tofauti, na kimoja kati yao hakikuwa na ule umaliziaji ulioandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi lake. Maandishi madogo kwenye boksi hilo, chini kabisa, yalisema 630. Kwenye boksi la vitasa namba ilikuwa 619.

Namba hizo ni za mfumo wa Marekani unaotumiwa na watengenezaji wengi wa vifaa vya milango. 619 ni nikeli ya satini juu ya brasi, imefunikwa laka. Nikeli hiyo hiyo ikiwa juu ya chuma huwa 646. 630 ni stenlesi ya satini. 626 ni kromi ya satini juu ya brasi, na 652 ni kromi hiyo hiyo juu ya chuma. Utaona mfumo wenyewe unakiri kwamba metali ya chini ni sehemu ya habari, ndiyo maana ukaipa namba yake. Majina ya kibiashara yanafuta habari hiyo. Aliyeandika nikeli ya satini juu ya bawaba ya stenlesi alikuwa na mantiki yake ya dukani: mnunuzi mwenye vitasa vya nikeli huambiwa kila mara kwamba stenlesi "inaendana" navyo. Inaendana kweli, kama shati na suruali, lakini mtu aliyeahidiwa rangi moja hajanunua kuendana.

Metali yenyewe

Nikeli, kromi na stenlesi zote tunaziita za fedha kwa mazoea, lakini hazirudishi mwanga kwa namna moja. Nikeli humeza mwanga wa buluu zaidi kidogo kuliko inavyomeza mwekundu, ndiyo maana ina umanjano mpole. Kromi huelekea upande wa pili, ina ubluu. Stenlesi hukaa katikati, kijivu. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba stenlesi ya 304 ina nikeli ndani yake, kama asilimia 8, pamoja na kromi kama asilimia 18. Lakini nikeli hiyo imechanganyika na chuma, na uso tunaouona umefunikwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromi. Jicho haliioni nikeli hapo.

Ukiweka nikeli peke yake utasema ni rangi ya fedha. Ukiweka stenlesi peke yake utasema hivyo hivyo. Zikikaribiana tu ndipo moja inageuka ya manjano na nyingine ya buluu, kwa kuwa jicho halipimi rangi bali linalinganisha. Nilimwonyesha mama jambo hili kwa kufunika bawaba kwa karatasi na kumwuliza kitasa ni cha rangi gani. Akasema cha fedha. Nikaifunua bawaba. Akasema, "Eh, kimerudi kuwa cha njano."

Kwa hiyo tofauti ya bawaba na kitasa ilikuwa ya kweli, ya kudumu, na hakuna taa wala usafi utakaoiondoa. Hapo mama alikuwa na haki yake kamili.

Mistari

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nami naamini husababisha ugomvi mwingi zaidi ya metali yenyewe.

Uso wa satini hupatikana kwa njia zaidi ya moja. Moja ni kuusugua kwa msasa au brashi ya mashine hadi ujae mistari myembamba inayokwenda upande mmoja. Nyingine ni kuuacha ufifie ndani ya tangi lenyewe: maji ya nikeli hutiwa viungo vinavyofanya nikeli ijikalie na vijishimo vidogo mno, hivyo uso unakuwa kama una ukungu bila mstari wowote. Zote mbili huitwa satini. Ya kwanza hurusha mwanga kwa mwelekeo, ya pili huutawanya pande zote sawa.

Chukua kioo cha kukuzia, au hata lenzi ya kamera ya simu ikiwa karibu, utaona mara moja. Mkono wa kitasa ulikuwa na mistari inayokwenda kwa urefu wake, na kwa kuwa mkono umelala, mistari nayo imelala. Kibati cha duara nyuma yake kilisuguliwa kikizunguka kwenye mashine, mistari yake ni miviringo, ndiyo maana kilikuwa na pembetatu mbili za mwanga zinazokutana katikati na kuzunguka kila unapohama. Bawaba ilikuwa na mistari ya kusimama. Vishikio vya kabati pia mistari ya kusimama, kwa kuwa vyenyewe vimesimama. Kizuizi cha sakafuni hakikuwa na mstari hata mmoja. Hicho ndicho kilichofifishwa kwenye tangi.

Mistari hutawanya mwanga kwa kukata njia yake. Mistari ikilala, mwanga hutawanyika juu na chini. Ikisimama, hutawanyika kushoto na kulia. Sasa weka taa darini, kama zilivyo nyumba nyingi. Mwanga unashuka kutoka juu, unagonga mkono wa kitasa wenye mistari iliyolala, unatawanywa juu na chini, na sehemu yake inafika machoni mwako popote ulipo mbele ya mlango: kitasa kinang'aa. Mwanga huo huo ukigonga kishikio cha mistari iliyosimama hutawanywa pembeni lakini unaendelea kushuka, unakwenda miguuni. Machoni haufiki, na kishikio kinaonekana cheusi. Mchana, mwanga ukitoka dirishani kwa upande, mambo hugeuka: kishikio kinachangamka na kitasa kinatulia.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya vishikio vya kabati kuwa "katikati" mchana na "vyeusi" jioni. Nilikilaza kishikio mezani sambamba na mkono wa kitasa, mistari ikielekea upande mmoja, na tofauti yao ikabaki ndogo sana, ya kutafutwa. Nikakigeuza robo duara tu. Kikawa kifaa kingine, utadhani kitambaa cha mahameli kimepapaswa kinyume. Mama alikichukua mwenyewe, akakigeuza mara kadhaa, akanyamaza. Muuzaji akaanza kutabasamu, nikamwambia asubiri, zamu ya bawaba zake haijapita.

Kuna wanaotaka mashine ya kupima rangi iamue migogoro kama hii. Mashine zipo, na zinatoa tofauti ya rangi kwa namba moja kwa kutumia mfumo wa CIELAB uliotangazwa mwaka 1976. Kwa rangi ya ukutani zinafaa sana. Kwa chuma chenye mistari sizipendi, kwa sababu ukiigeuza mashine robo duara juu ya kipande kile kile inaweza kukupa namba nyingine, na pande mbili zinazogombana zitachagua kila moja namba yake. Hata kiwango cha A156.18 cha vifaa vya milango, ambacho ndicho chenye namba za akina 619 na 630, hutegemea kulinganisha kwa macho na vibati vya mfano. Na huko kulinganisha si kuvibandika pamoja: vipande hutazamwa vikiwa vimeachana, uso mmoja, pembe moja, mwanga mmoja. Mlangoni hakuna hata sharti moja kati ya hayo linalotimia.

Bafuni

Uwaridi wa kitasa cha bafuni ulimalizika haraka. Kuta za bafu lile zina rangi ya waridi iliyopauka na balbu yake ilikuwa ya kelvini 2700, yaani ya umanjano, wakati ukumbini zilikuwa nyeupe zaidi. Niliweka karatasi nyeupe kusimama kati ya kitasa na ukuta wa pembeni. Uwaridi ukatoka. Nikaiondoa, ukarudi. Chuma hakina rangi peke yake, nusu ya unachokiona juu yake ni chumba. Kitasa chenye laka inayong'aa hubeba chumba zaidi, cha satini hubeba kidogo lakini bado hubeba.

Kipimo hiki cha karatasi nakipendekeza kwa yeyote kabla hajarudisha kitu dukani. Tofauti ikiondoka kwa karatasi au kwa kubadilisha balbu, kifaa hakina hatia. Ya bawaba na kitasa haikuondoka kwa karatasi, wala kwa balbu, wala dirishani.

Laka, na zamu ya tangi

Kitasa kimoja, cha chumba cha wageni, kilikuwa na mabaka ya umanjano mzito karibu na shingo ya mkono. Kilikuwa kimefutwa kwa dawa ya kuondoa chokaa, ambayo ni asidi, ikala laka. Nikeli isiyo na laka hupata ukungu wa njano ikikaa hewani, na jasho la mikono huharakisha. Hicho kilibadilishwa, na hakihusiani na kesi yenyewe.

Vitasa viwili vilivyoagizwa baadaye vilikuwa na weupe kidogo zaidi kuliko vya mwanzo. Hii ni ya tangi. Viungo vya maji ya kuchovya hupungua kadiri kazi inavyofanyika na huongezwa kwa vipindi, laka hupulizwa nene au nyembamba, msasa unaotumika leo ni mpya na wa jana ulikuwa umechakaa. Kwa nikeli tofauti ya namna hii huwa ndogo, nami nilihitaji kuviweka ubavu kwa ubavu ili kuiona. Viliwekwa milango ya mwisho wa ukumbi, basi.

Ingekuwa brasi nisingelichukulia jambo hili kirahisi hivyo. Rangi ya brasi ni uwiano wa shaba na zinki. Zinki ikiwa chini ya asilimia 15 hivi, aloi ina wekundu wa dhahabu. Ikifika 30, ni njano safi ile ya bati la kukunja. Vipande vinavyopitishwa kwenye kalibu vikiwa moto hutumia zinki nyingi zaidi, karibu na ule mchanganyiko wa 60 kwa 40 ambao George Muntz wa Birmingham aliuchukulia hataza mwaka 1832, na rangi yake ni nyingine tena. Kwa hiyo bawaba ya brasi halisi na kitasa cha brasi halisi, bila udanganyifu wowote, vinaweza kuwa njano mbili. Brasi ya kuchovya ina mashaka zaidi, kwa sababu shaba na zinki zinakaa pamoja kwenye tangi moja, na umeme ukiwa mkali au hafifu, au maji yakipata joto tofauti, uwiano wao juu ya kifaa unabadilika. Kipande kimoja kinaweza kuwa na njano moja kwenye pembe na nyingine kwenye bonde.

Halafu kuna brasi ambayo si brasi. Vifaa vingi vinavyotangazwa kwamba havifubai vimepakwa ndani ya chemba isiyo na hewa, na rangi yao ya dhahabu ni ya nitridi ya zirkoni au ya titani. Hakuna shaba juu yake. Ni utando mgumu sana, haubadiliki kwa miaka, nao ukiwekwa jirani na brasi tupu isiyo na laka, kufanana kwao siku ya kwanza ni kwa muda tu: mmoja utabaki palepale, mwingine utaendelea kukolea hadi hudhurungi. Shaba nyeusi iliyopakwa mafuta, ile 613, imetengenezwa ichakae kwa kuguswa, kwa hiyo anayedai ifanane miaka miwili baadaye anadai kisichouzwa. Vifaa vyeusi navyo vina yao, lakini huko tofauti kubwa ni ya mng'ao, na aluminiamu ya kumimina yenye silikoni nyingi hutoka kijivu kichafu kwenye tangi lile lile la kutia rangi linalotoa aluminiamu ya fremu ikiwa safi. Niishie hapo, kisa chetu ni cha nikeli.

Nani alipe, na kilichobadilishwa

Agizo la awali nililiona. Lilikuwa na mstari mmoja juu ya rangi: "vyote nikeli ya satini." Muuzaji alileta kila kitu kilichobeba jina hilo. Fundi alifunga. Sheria ya mkataba pengine ingempa muuzaji ushindi, lakini maoni yangu, niliyoyasema mbele yake, ni kwamba mtu anayeuza vitasa na bawaba kila siku anajua 630 si 619, na mteja hajui. Kwa hiyo gharama ya bawaba zitakazobadilishwa ibebwe na yeye, na kazi ya kuzifunga igawanywe. Alinung'unika, akakubali.

Lakini zibadilishwe zipi? Mama alitaka zote. Nikamshauri asifanye hivyo. Bawaba ya stenlesi haina kitu cha kubanduka. Bawaba iliyochovywa nikeli husuguana kwenye pipa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya muda huonyesha chuma chake hapo hapo kwenye maungio. Kwa mlango mzito unaotumika mara nyingi, kubadilisha stenlesi kwa nikeli ni kununua rangi kwa kuuza umri. Pili, mlango ukifungwa bawaba huonekana upande mmoja tu, ule unaofungukia. Tatu, kati ya bawaba na kitasa kuna karibu upana mzima wa mlango, na rangi nyeupe inayojaa katikati hulipunguzia jicho nafasi ya kulinganisha.

Kilichokuwa kinampigia kelele, bila yeye kujua, ni skrubu. Zile ndefu za fundi zilikuwa chuma kilichochovywa nikeli na kung'arishwa. Kila bawaba ya kijivu ilikuwa na vidoti vya manjano vinavyometameta ndani yake, na hapo hakuna umbali hata kidogo. Zimepakana. Vidoti hivyo ndivyo vilivyokuwa vinafanya bawaba ionekane ya buluu zaidi kuliko ilivyo. Tulibadilisha skrubu za mlango mmoja kwanza, tukaweka za stenlesi zenye urefu ule ule, nikamwomba mama akae nao siku mbili tatu. Aliporudi alisema mlango ule tuuache.

Skrubu zote zikabadilishwa. Bawaba zikabadilishwa chumba kikubwa cha kulala peke yake, kwa sababu pale pipa la bawaba, kishikio cha kabati na kitasa vyote vinaingia jichoni kwa pamoja mtu akiwa kitandani. Ziliagizwa za brasi zilizochovywa nikeli, 619, kutoka kwa mtengenezaji yule yule wa vitasa. Mlango ule ni mwepesi kuliko mingine, na brasi haina haraka ya kuonyesha kutu. Vishikio vya kabati vilibaki. Hakuna namna ya kuvilaza bila kutoboa milango upya, na tatizo lao lilikuwa la taa, kwa hiyo taa moja ndogo ya ukutani ikawekwa upande wa dirisha ili jioni nao wapate mwanga wa pembeni. Balbu ya bafuni ikabadilishwa ilingane na za ukumbini. Vizuizi vya sakafuni havikuguswa.

Ghorofa ya juu ya nyumba ile haijafungwa vifaa bado. Agizo lake jipya limeandikwa hivi: vitasa na bawaba kutoka kwa mtengenezaji mmoja, namba ya umaliziaji itajwe kwa kila kifaa pamoja na metali ya chini, mistari ya bawaba na ya mkono ielezwe inakwenda wapi, skrubu zitoke na bawaba na ziwe za urefu unaotakiwa, na kitasa kimoja na bawaba moja vya mfano vifungwe kwenye mlango halisi na kutazamwa usiku taa zikiwa zimewashwa kabla ya vingine kusafirishwa. Muuzaji aliongeza mstari wake mwenyewe mwishoni: vitasa viwili vya ziada kutoka shehena hiyo hiyo, vibaki ndani ya maboksi yao bila kufunguliwa.